Uzi: Makadirio ya Keyword Planner hayalingani na kliki zinazokuja. Tupime vipi maneno ya utalii wa Unguja na Pemba?

mpigahesabu_mjini

Assalaam alaikum wanajamvi.

Uzi huu ni kwa wanaoendesha matangazo ya Google kwa hoteli, kampuni za matembezi na teksi za uwanja wa ndege. Tatizo lenyewe mnalijua. Unafungua Keyword Planner, kifaa cha Google cha kukadiria neno linatafutwa mara ngapi, unaweka "zanzibar snorkeling", unachagua nchi, inakwambia 1,000 hadi 10,000 kwa mwezi. Mwenye biashara anashika katikati, 5,500. Anapiga asilimia 5 ya watakaobofya, anapata kliki 275, anazidisha na bei ya kliki moja, bajeti imepita. Mwezi unakwisha, kliki hazikufika 30. Hapo lawama zinaanza: tangazo bovu, tovuti mbovu, aliyeiendesha kampeni hajui kazi.

Nataka tulichambue hili kwa pande mbili. Kwanza, namba inakosea wapi. Pili, tunaipimaje kabla ya kumuahidi mtu chochote. Tafadhali wekeni namba na hatua, tusiishie kwenye "inategemea".

mzee_wa_mnada

Wa alaikum salaam. Tuanze na hiyo 5,500, maana kosa la kwanza limo humo humo.

Tangu 2016 akaunti zenye matumizi madogo hazioneshwi namba, zinaoneshwa makapu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000, na kuendelea. Ndani ya kapu maneno hayakutawanyika sawasawa. Maneno yenye watafutaji wachache ni mengi mno kuliko yenye watafutaji wengi, kwa hiyo neno usilolijua vyengine lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa karibu na 1,000 kuliko 10,000. Ukilazimika kutaja namba moja, zidisha ncha mbili za kapu halafu tafuta kipeuo cha pili: 1,000 × 10,000, kipeuo chake ni kama 3,160. Kwa asilimia 5 hiyo ni kliki 158. Kwa ncha ya chini ni 50. Ile 275 haina pa kusimama hata kabla hatujagusa jambo jengine.

Kosa la pili ni zito zaidi. Asilimia 5 ya kubofya huhesabiwa juu ya mara tangazo lilivyoonekana, si juu ya mara watu walivyotafuta. Ukiipiga moja kwa moja kwenye idadi ya utafutaji, umeshasema kwamba tangazo lako litatokea kila mtu anapotafuta. Kwa bajeti ya dola 5 kwa siku? Tuseme utafutaji halisi ni 1,000, na mgao wako wa mionekano ni asilimia 40, yaani katika kila mara 100 tangazo lingeweza kuonekana, limeonekana mara 40. Mionekano 400, asilimia 5 yake ni kliki 20. "Hazikufika 30" yako haina ajabu hata kidogo. Kampeni huenda ilikwenda sawa kabisa.

Na wale wenye akaunti zinazooneshwa namba kamili wasijione wamesalimika. Namba zile zinapanda kwa ngazi: 590, 720, 880, 1,000, 1,300, 1,600, 1,900, 2,400. Hakuna 800 wala 950. Kutoka ngazi moja hadi ya pili kwa kawaida ni kama moja ya tano au zaidi. Neno likihama kutoka 720 kwenda 880, ripoti itasema limekua kwa asilimia 22, na pengine utafutaji wenyewe umeongezeka kidogo tu ukavuka mpaka wa ngazi. Nimeona mikutano mizima ikifanywa juu ya "ukuaji" wa aina hiyo.

fundi_matangazo

Naongeza kwa Mzee: msijumlishe safu ya idadi ya utafutaji kichwa kichwa. Planner inayaunganisha maneno yanayokaribiana, umoja na wingi, makosa ya tahajia. Weka "zanzibar hotel" na "zanzibar hotels", utapata namba ile ile mara mbili. Hao ni watu wale wale. Orodha ya maneno 40 ikijumlishwa hivi inaweza kuvimba mara mbili au tatu. Kabla ya kujumlisha, panga orodha kwa namba, na kila kundi lenye namba sawa na maana sawa libakishe neno moja.

Jengine la kukagua ni aina ya ulinganifu, yaani alichoandika mtu kifanane kiasi gani na neno lako ndipo tangazo litoke. Idadi ya utafutaji ni ya neno lenyewe. Lakini ukurasa wa utabiri, ule unaotaja kliki na gharama, unafuata aina uliyoiweka: neno tupu ni pana, neno ndani ya alama za kunukuu ni la kirai, neno ndani ya mabano ya mraba ni kamili. Wengi wanabandika maneno matupu, wanapata utabiri wa ulinganifu mpana, halafu wanaendesha kampeni ya ulinganifu kamili. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kamwe havitalingana.

kusi_kaskazi

Kwa utalii wa huku, mie naona msimu na mahali ndiyo yanayoharibu zaidi kuliko hayo makapu.

Namba ya mwezi ni wastani wa miezi 12. Tuseme neno linatafutwa mara 500 kwa mwezi katika miezi tisa, na mara 3,000 katika miezi mitatu. Jumla 13,500, wastani 1,125. Hakuna mwezi hata mmoja wenye 1,125. Ukipanga kwa wastani, miezi tisa unangoja zaidi ya mara mbili ya kilichopo, na miezi mitatu bajeti inakwisha asubuhi wakati wateja bado wapo. Neno kama "paje kitesurfing" linafuata upepo wenyewe, kusi katikati ya mwaka na kaskazi kuanzia Disemba. Lakini mtu hatafuti siku anayotua. Anayetafuta hoteli anaanza miezi kabla ya safari. Anayetafuta teksi ya uwanja wa ndege au boti ya kutoka Dar anaanza siku chache kabla, au tayari yuko kisiwani na simu mkononi. Kwa hiyo kilele cha "zanzibar hotels" na kilele cha "zanzibar airport taxi" haviji pamoja, ingawa mgeni ni mmoja.

Dawa: fungua Google Trends, weka neno lako, chagua nchi ya wateja, miaka mitano. Ile 0 hadi 100 si idadi ya watu, ni uwiano, 100 ndiyo kilele cha kipindi ulichochagua. Chukua wastani wa kila mwezi, ugawe kwa wastani wa mwaka mzima, unapata kizidishi. Mwezi wenye kizidishi 0.5 unapanga nusu, wenye 1.8 unapanga karibu mara mbili. Usipime neno Mei katikati ya masika ukaja kuipeleka namba hiyo hiyo Julai.

Halafu mahali. Ukichagua Tanzania kwenye Planner, unaona utafutaji wa waliomo Tanzania. Mjerumani aliyeko Hamburg hayumo. Nimeshaona mipango ya hoteli za Nungwi na Kendwa iliyofanywa yote kwa Tanzania, halafu kampeni inaachwa kwenye chaguo la mwanzo la mahali, lile linalojumuisha hata wanaoonesha kuipenda sehemu fulani bila kuwepo. Kampeni hiyo inaweza kumuonesha tangazo mtu wa Milan. Hapo makadirio yanakosea upande wa pili: mionekano inakuja mingi kuliko ilivyotabiriwa, na bajeti inaliwa na nchi ambazo hukuzipanga. Pimeni nchi moja moja. Ujerumani peke yake, Italia peke yake, Poland peke yake, kila moja kwa lugha yake.

Na lugha ina mitego. Wajerumani wanaandika "Sansibar". Kuna mkahawa maarufu sana kisiwa cha Sylt, Ujerumani, wenye jina hilo hilo. Namba ya "sansibar" peke yake kwa Ujerumani imechanganya watu wa Sylt na watu wanaotaka kuja kwetu, na Planner haiwatenganishi. Tumieni "sansibar urlaub", "sansibar hotel nungwi", maneno yenye nia ndani yake, na "sylt" iwekeni kwenye maneno hasi, yaani yanayozuia tangazo lisitoke, siku ya kwanza.

mtoto_wa_wete

Hapo kwenye majina umenigusa, sheikh, maana sisi wa Pemba tunaumia zaidi. Pemba ni mji pia wa Msumbiji, mkoa wa Cabo Delgado, una hoteli zake na uwanja wake wa ndege. Pemba ni jina la watu wa Nepal pia, Masherpa. "Pemba hotel" na "pemba flights" zinabeba hao wote. Mtu akiangalia Planner anaona kisiwa kina watafutaji tele, anapanga bajeti, halafu kliki zinakuja za watu wanaokwenda Msumbiji. Maneno hasi ya lazima: mozambique, moçambique, cabo delgado, sherpa. Mimi napendekeza kuanza na "pemba island", "pemba island diving", "pemba zanzibar". Namba zake zitaonekana ndogo, lakini ndizo zenye kisiwa chetu ndani.

Kwa wenyeji nako kuna balaa lake. "Ratiba ya boti mkoani" kwa mtu wa Pemba ni bandari. Kwa mtu wa bara "mkoani" ni mkoani Mwanza, mkoani Mbeya. Neno "mkoani" msilipime peke yake.

Swali langu: maneno ya Kiswahili mengi Planner inaweka kistari tu, au ukiyaweka kwenye kampeni yanaandikwa kuwa yana utafutaji mdogo na hayafanyi kazi. Ina maana hakuna anayetafuta?

fundi_matangazo

Hapana, haina maana hiyo. Hali ile inatolewa kwa neno ambalo historia yake ya utafutaji ni ndogo mno, nalo linalazwa. Mfumo unalikagua tena mara kwa mara, likipata watafutaji wa kutosha linaamka lenyewe. Usilifute, ila usilitegemee. "Nauli ya boti unguja pemba leo" italala. Fupisha: "boti pemba" kwa ulinganifu wa kirai, halafu fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa uone watu wanaandikaje hasa, boti au meli, nauli au bei, unguja au zanzibar. Hiyo ndiyo Planner yako ya Kiswahili, na unailipia kliki kidogo kidogo.

Kwenye lugha ya kampeni chagueni lugha zote. Simu nyingi huku zimewekwa Kiingereza ingawa mwenyewe anatafuta kwa Kiswahili. Ukibana lugha, unajikatia watu.

Angalizo moja juu ya ripoti hiyo: tangu Septemba 2020 Google haioneshi maneno yote, yaliyotafutwa na watu wachache yanafichwa. Jumlisha kliki za maneno unayoyaona, linganisha na jumla ya kampeni. Pengo likiwa kubwa, usitoe hukumu kwa yale machache yanayoonekana.

mpigahesabu_mjini

Ahsanteni sana. Sasa kipimo chenyewe. Kama namba za Planner ni za kukisia, tunapata wapi iliyo karibu na ukweli?

fundi_matangazo

Unainunua. Kampeni ndogo ya majaribio, iliyofungwa pande zote ili ujue kila namba imetoka wapi.

Kampeni moja ya utafutaji. Zima tovuti washirika na zima mtandao wa matangazo ya picha, vyote viwili huwa vimewashwa tangu mwanzo. Nchi moja, na kwenye mahali chagua waliopo huko tu. Maneno matano hadi manane ya ulinganifu kamili, kila moja kwenye kundi lake ili tangazo liseme neno lenyewe. Weka dau, yaani bei ya juu unayokubali kulipa kwa kliki moja, kwa mkono. Planner inatoa bei mbili za tangazo kukaa juu ya ukurasa, ndogo na kubwa. Anza karibu na ile kubwa, maana hapa lengo ni kuonekana, faida itafuata. Bajeti iwe ya kutosha ili isikwishe mchana. Kumbuka Google inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku katika siku moja, lakini kwa mwezi haivuki bajeti ya siku mara 30.4. Ukiweka dola 10, siku moja inaweza kwenda dola 20, mwezi hautavuka 304. Mwambieni mwenye biashara mapema, asije akashtuka siku ya pili.

Iache wiki mbili kamili, Jumatatu hadi Jumapili mara mbili. Usibadilishe dau katikati. Na msijitafute wenyewe Google kuangalia kama tangazo linatoka. Kila ukitafuta unaongeza mwonekano usio na mteja. Ndani ya akaunti kuna kifaa cha kukagua tangazo, kinaonesha bila kuhesabu, na unaweza kukiambia uko Berlin.

Mwisho ongeza safu nne kwenye ripoti: mionekano, mgao wa mionekano, mgao uliopotea kwa bajeti, mgao uliopotea kwa nafasi, yaani kwa dau au ubora wa tangazo kuwa chini. Tuseme umepata mionekano 252 kwa siku 14, mgao asilimia 60, bajeti imepoteza 5, nafasi imepoteza 35. Gawa 252 kwa 0.60, unapata 420. Kwa siku ni 30, kwa mwezi kama 900. Hiyo ndiyo saizi ya soko la neno hilo kwa mwezi huo, nchi hiyo. Sasa piga kizidishi cha msimu cha kusi_kaskazi.

Mgao ukiandikwa chini ya asilimia 10, mahesabu yote haya hayafanyiki, kwa sababu hujui kama ni 9 au 1. Pandisha dau au punguza maneno, anza upya.

mzee_wa_mnada

Njia ni nzuri, ila nitie tahadhari, Fundi. Ule mgao si wa utafutaji wote uliofanyika duniani. Ni wa mionekano ambayo Google inakadiria *ungestahili* kuipata, kwa mipangilio yako, dau lako, ubora wa tangazo lako. Pandisha dau, na kile unachostahili nacho kinaweza kupanda. Kwa hiyo 900 ile si sensa. Na ulinganifu kamili wa leo si ule wa zamani: tangu 2018 unakubali hata maneno yenye maana sawa. Tumieni safu ya mgao wa ulinganifu kamili, inapunguza mchanganyiko.

Mtu mwenye tovuti inayotokea ukurasa wa kwanza bila kulipia ana mzani wa pili, na hauna gharama. Fungua Search Console, kifaa cha Google kinachoonesha tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji, chuja neno na nchi, soma mionekano ya mwezi. Ikiwa nafasi ya wastani iko juu na imetulia, mionekano hiyo inakaribia utafutaji wenyewe, na data yake inarudi nyuma miezi 16, yaani msimu mzima na zaidi. Mizani miwili ikikubaliana ndani ya asilimia 30, mie naridhika.

Na kliki chache ziogopeni. Mionekano 252 kwa asilimia 6 ni kliki 15. Idadi ndogo kama hiyo inayumba kwa bahati tu: kipeuo cha 15 ni kama 3.9, mara mbili yake ni karibu 8. Wiki mbili nyengine zinaweza kuleta kliki 7 au 23 bila chochote kubadilika. Anayesema wiki hii tangazo A limelishinda tangazo B kwa kliki 9 kwa 6 hajapima kitu.

mpigahesabu_mjini

Hili la mwisho ndilo gumu kulieleza. Mwenye hoteli anataka namba moja, na anataka idadi ya bukingi, si kliki. Planner nayo inatoa utabiri wa hayo.

mzee_wa_mnada

Utabiri ule wa bukingi unaegemea kiwango alichokiweka mtu mwenyewe au historia ya akaunti. Akaunti mpya haina historia, kwa hiyo namba ile ni kiwango kilichokisiwa kimezidishwa na kliki zilizokisiwa. Mimi siiweki kwenye karatasi kabisa.

Muandikie safu tatu: chini, kati, juu. Kwa mfano wetu wa kliki 15 kwa wiki mbili, mwezi ni kama 30, muandikie 15, 30, 45, na gharama chini ya kila moja. Tuseme kliki ni dola 0.60, hiyo ni dola 9, 18, 27. Juu ya karatasi andika nchi, mwezi, aina ya ulinganifu na tarehe ya kipimo. Karatasi isiyo na hayo manne irudishwe, hata kama imeandikwa na mimi.

Kwa bukingi kuna kanuni ya namba 3 (rule of three). Kliki 100 zimekuja na bukingi haikuja hata moja: gawa 3 kwa 100. Kiwango halisi bado kinaweza kufika asilimia 3. Kliki 300 bila bukingi, kikomo kinashuka hadi asilimia 1. Kwa kliki 30 huwezi kusema neno halifai, kikomo ni asilimia 10. Watu wanaua maneno mazuri kwa kliki 20.

mtoto_wa_wete

Na zile bukingi za WhatsApp, maalim? Wageni wengi wa Pemba hawajazi fomu, wanabonyeza kitufe cha WhatsApp wanauliza bei ya kupiga mbizi.

fundi_matangazo

Weka kipimo kwenye kitufe chenyewe, kila kinapobonyezwa kihesabiwe kama tendo, lakini kipe jina lake mbali na bukingi. Halafu kwenye ujumbe unaojiandika wenyewe tia alama fupi ya kampeni, mfano "Habari, PMB-DE", yaani Pemba, Ujerumani. Anayepokea simu anaandika alama hiyo pamoja na matokeo: ameuliza, ameweka amana, amepotea. Baada ya ujumbe 50 una uwiano wa kweli wa kutoka kubonyeza hadi amana, na huo ndio unaoingia kwenye safu tatu za Mzee badala ya kiwango cha kukisia. Kagueni pia ukurasa unaofunguka. Kliki zikiwa 45 na ziara zilizorekodiwa 28, mara nyingi ukurasa ni mzito na mtu amefunga kabla haujamaliza kufunguka. Punguzeni picha za mwanzo kabla hamjaongeza dau.